Mara Sitini na Nne

Singano aliniletea flashi kutoka Dar,
ndani yake ngoma elfu mbili zilizokwisha pigwa,
zimekunjwa kama mashati ya mtumba yaliyopitishwa pasi.
Chagua, buruta, dondosha.
Chai haijapoa, nina wimbo.

Wala sikuona haya. Nani hapa Ngamiani
husaga unga wake ndipo ale chapati?
Barabara ya Kumi na Nne ilitikisa kichwa,
hata fundi baiskeli wa mlangoni pangu
akawa anakaza spoku kwa kuifuata spika.

Wiki ya tatu nikaisikia ngoma yangu
kwenye tangazo la sabuni ya unga.
Ijumaa ikawa harusini, Makorora.
Jumapili ikatoka kwenye simu ya kijana wa bodaboda
aliyeegesha Chuda, anangoja abiria.
Ileile: pigo la saba, na kikohozi kidogo nyuma yake.
Mtu nisiyemjua, wa studio isiyo na anwani,
anaikoholea Tanga nzima.

Nikaapa kupiga mwenyewe.
Nikafungua gridi, vijumba kumi na sita kila mstari,
nikapanda kiki, nikapanda sneya
kama wapandavyo mkonge: shina, nafasi, shina, nafasi,
mpaka jicho linachoka kabla ya shamba kwisha.
Usiku wa manane nikasikiliza.
Hapakuwa na kosa hata moja.
Kosa lilikuwa hilo.

Basi nikaenda Mikanjuni kwa shangazi Mwanakombo,
mstaafu wa kiwanda cha kamba, magoti mabovu,
hupiga chapuo harusini akipenda,
na akikataa hakuna wa kumbembeleza.
Nikaiweka simu juu ya sufuria iliyofunikwa.
Akapiga dakika mbili tatu, akanywa soda niliyomletea,
akaniuliza nitaoa lini.

Nyumbani nikakata sekunde nne, zile tamu,
nikazifunga kichwa kwa mkia.
Zikazunguka.
Zikazunguka.
Nikarudi kumsikilizisha, natabasamu kama aliyeleta posa.

Alisikiliza amekunja uso,
vidole vikihesabu gotini.
"Hapo mimi nimepiga mara ngapi?"
Nikatazama. Sitini na nne.
"Na soda ulileta ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Halafu hapo mwanzo, mkono wa kushoto umechelewa.
Nilikuwa napandisha kanga begani.
Sasa wewe umenipandishia kanga mara sitini na nne.
Kanga gani hiyo isiyokaa?"

Usiku huu umeme upo.
Naandika pigo mojamoja, na kila pigo nalipa uzito wake:
hili la mtu aliyeshiba,
hili la mtu aliyegeuka kumtazama anayeingia,
hili limeguswa tu, kama mlango wa jirani.
La tano nalisogeza nyuma, unywele mmoja kutoka mstarini,
nalirudisha,
nalisogeza tena.
Mara moja tu katika wimbo mzima kanga inateleza.
Saa tatu nimekaa hapa, sijajua ni wapi.

Flashi ya Singano sijaitupa, nisije nikajisifu bure.
Mwenye nyumba akibisha hodi mwisho wa mwezi
naichomeka, nachagua, naburuta, nadondosha,
na yule bwana anakohoa, na kodi inalipwa.

Lakini Jumamosi nilipakia kreti kwenye baiskeli ya fundi,
nikakanyaga hadi Mikanjuni, chupa zikigongana nyuma yangu,
hakuna mbili zilizogongana sawa.
Shangazi akazihesabu moja moja. Ishirini na nne.
Akajumlisha na ile ya kwanza,
akachukua mkaa, akaandika ukutani, juu ya mtungi:
zimebaki thelathini na tisa.